Lebo za Jumamosi

Jumamosi baada ya chai tunatandika gazeti la jana mezani.
Idwal anavaa miwani juu ya miwani.
Mimi navaa glovu, maana nikotini hupenya ngozi,
na hii ngozi, asema, bado ina kazi.

Chupa thelathini na moja.
Tulianza kuzipanga kwa alfabeti, ikashindikana:
hakuna anayeamka usiku akitafuta herufi.
Tukazipanga kwa rangi, nazo zote ni maji ya shayiri.
Sasa tunazipanga kwa majina anayoyajua yeye.
Urukususu anauita Kanisani, kwa sababu ya bibi yake
aliyempenyezea peremende nyeusi katikati ya mahubiri.
Beri na barafu ni Mazishi ya Hefin.
Vanila ni Vanila. "Si kila kitu kina kisa, Mair."
Ninaandika kama ninavyoambiwa,
ladha juu, tarehe chini, kalamu isiyofutika.

Arobaini kwa siku, za kusokota mwenyewe,
tangu enzi za kiwanda cha bati,
ambako moshi wa mtu ulipotelea ndani ya moshi wa kazi
na hakuna aliyejua upi ni wa nani.
Kisha daktari akaishika picha ya kifua dirishani,
mvua ya Llanelli ikawa inashuka nyuma ya mapafu yake,
na Idwal akauliza kama ile mvua nayo ni ugonjwa.

Ndipo ikaja mashine ya mvuke, na pamoja nayo hesabu.
Kumi na nane. Kumi na mbili. Mwezi mzima wa sita.
Haba na haba hujaza kibaba;
sisi tulikuwa tunakimwaga, kwa sirinji,
mililita kwa mililita, tukigombana kuhusu desimali.

Kwenye tatu akakwama.
Akiiona ile tatu kwenye lebo, mikono ilimtetemeka
kabla hajavuta.
"Usiniandikie namba," alisema Februari.
"Andika herufi tu. Ufunguo kaa nao wewe."
Nikaandika P, nikaandika R, nikaandika Th,
na maana zake nikazifungia kwenye daftari dogo,
daftari nikalizika ndani ya kopo la unga,
mahali ambapo mume wangu hajafika tangu tuoane.

Tangu Julai, P ni sifuri.
R ni sifuri. Th ni sifuri.
Kurasa za daftari zimejaa mayai.
Chupa ya mwisho ya nikotini niliirudisha dukani kwa Delyth,
akaipokea kwa ncha za vidole, kama paka wa jirani.

Na yeye anavuta R, anafumba macho,
anasema, "Hii kali. Inakwaruza koo."
Anavuta P, anasema ni laini, ya Jumapili.
Nami naitikia kwa kichwa, nabandika.

Ningemwambia. Mara tatu nimefungua mdomo.
Lakini nikimwambia, Jumamosi tutafanya nini?
Gazeti litasomwa tu. Miwani itakuwa mmoja.
Nani atanieleza tena Hefin alivyozikwa kwenye theluji,
na mchungaji akateleza, na wote wakacheka
isipokuwa mjane, aliyecheka baadaye?

Jana nilipika keki. Kwenye kopo,
juu ya jalada la daftari, alama ya dole gumba, nyeupe, pana.
Nikapima langu juu yake.
Labda nilibonyeza sana. Unga huvimbisha vitu.

Leo ameketi upande wake, anasugua chupa kwa kitambaa
mpaka inalia.
"Nitengenezee R nyingine," anasema, bila kuinua uso.
"Ila punguza kidogo. Ile ya wiki jana ilinilewesha."

Navuta sirinji. Nainua kwenye mwanga.
Napunguza.
Lebo inakunjika kwenye kona, kama kawaida;
naikwangua kwa ukucha, naanza nyingine.